Intaneti ya Chuo Kikuu: Fahamu Unachoahidiwa

Mwanafunzi aliyelipa ada ana haki ya kufahamu intaneti ya chuo itapatikana wakati gani, kwa kasi gani, na nani atamhudumia inapokatika. Tunawashauri wanafunzi na wazazi waombe ahadi hizo kwa maandishi na kuzisoma kwa makini.

Upatikanaji: Ahadi ya asilimia 99 huonekana kubwa, lakini katika mwezi wa siku 30 huruhusu huduma kukatika kwa saa 7 na dakika 12. Saa hizo zikiangukia siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi, anayeumia ni mwanafunzi. Uliza pia iwapo muda wa matengenezo umehesabiwa humo.

Kasi: Megabiti 100 kwa sekunde zikigawanywa sawa kwa watu 200 wanaotumia kwa wakati mmoja, kila mmoja hupata nusu megabiti tu. Kwa hiyo, uliza pia idadi ya watumiaji.

Msaada: Kujibiwa si kutatuliwa tatizo. Ahadi ya kujibu ndani ya saa 4 haielezi huduma itarejea lini. Omba muda wa kujibu na muda wa kurejesha huduma, kila mmoja peke yake.

Hitilafu inapotokea, andika tarehe, saa na mahali, toa taarifa kwa kitengo cha TEHAMA, na utunze namba ya taarifa hiyo. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa uongozi wa chuo kupitia serikali ya wanafunzi, ukiambatisha kumbukumbu zako. Ahadi isiyoandikwa ni vigumu kuidai.