Mwamba Kama Shahidi: Ziara ya Twyfelfontein, Namibia

Mwanafunzi aliyezoea kusoma historia vitabuni huweza kudhani kwamba watu wasiojua kuandika hawakutuachia habari zao. Dhana hiyo si sahihi. Katika makala haya tutazuru mahali ambapo habari za kale zimechongwa juu ya mwamba, kisha tutajiuliza: je, mwamba huo waweza kutueleza nini, nasi tutautahini vipi?

Mahali Penyewe

Twyfelfontein iko katika nyika kame za kaskazini-magharibi ya Namibia. Jina hilo ni la Kiafrikaans, na maana yake ni chemchemi ya mashaka, kwa kuwa maji yake hayakuweza kutegemewa. Jina la wenyeji ni /Ui-//aes, na alama zake za mkwaju ni ishara za sauti za kidoko. Hapo pana michoro zaidi ya 2,000 iliyochongwa na wawindaji wa Zama za Mawe. Mahali hapo palianza kulindwa kisheria mwaka 1952, na mwaka 2007 pakawa pa kwanza nchini Namibia kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mgeni huanzia katika kituo kidogo cha maonyesho. Kuta zake ni mawe yaliyopangwa ndani ya nyavu za waya, na vigae vya paa vimekatwa kutoka katika mapipa ya mafuta yaliyokwisha kutumika. Siku yoyote jengo hilo laweza kuondolewa pasipo kuacha kovu ardhini. Baada ya kutazama maonyesho, mgeni huongozwa kwa miguu hadi miambani, hapo akaona vifaru, twiga, tembo, mbuni, na nyayo za watu na za wanyama.

Jinsi Ilivyochongwa

Mwamba wa hapo ni jiwe la mchanga. Chembe zake nyingi ni za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Basi mchongaji aliwezaje kuichonga kwatzi kwa kipande cha kwatzi? Jibu ni kwamba hakuwa na haja ya kuvunja chembe zenyewe. Kilichovunjika ni kile kinachozishikamanisha, ambacho ni dhaifu zaidi.

Aidha, uso wa miamba ya jangwani hufunikwa polepole sana na utando mwembamba wa rangi ya hudhurungi, wenye oksidi za chuma na za manganizi. Mchongaji alipougonga utando huo, jiwe la ndani lenye rangi nyepesi lilijitokeza, na umbo likaonekana waziwazi.

Suala la Umri

Kipimo cha kaboni 14 huhitaji kitu kilichopata kuwa hai, kama vile mkaa au mfupa. Mchoro wa kuchonga hauongezi kitu juu ya jiwe, bali hupunguza. Kwa hiyo hauna kaboni ya kupimwa. Wataalamu wa mambo ya kale hulazimika kuchimba katika makazi ya jirani, wakapima mabaki yaliyomo, kisha wakahusisha umri huo na michoro. Kwa njia hiyo imefahamika kuwa wawindaji walipatumia mahali hapo kwa muda usiopungua miaka 2,000. Mwanafunzi na atambue kwamba ushahidi huu ni wa kuzunguka. Una thamani, lakini haulingani na kupima mchoro wenyewe.

Kuona na Kukisia

Mchoro mashuhuri kuliko yote ni wa simba mwenye mkia mrefu, ambaye kila wayo wake una vidole vitano. Unyayo wa simba halisi huacha alama za vidole vinne tu. Hadi hapo tumeona. Wataalamu wengi husema kwamba huyo ni mtu aliyegeuka simba katika ibada. Hapo tumekisia, ingawa kwa hoja nzuri, maana mwindaji aliyeishi kwa kusoma nyayo ni vigumu kudhani kwamba alikosea kuhesabu vidole.

Vivyo hivyo, pana umbo linalofanana na sili, mnyama wa baharini, ilhali pwani iko umbali wa kilomita 100 hivi. Kufanana ndiko tunakokuona; kwamba wachongaji walisafiri hadi baharini ni hitimisho letu.

Shahidi Asiye na Mbadala

Majaribio ya kemia yakiharibika, mwanafunzi huyarudia. Mwamba haurudiwi. Mtu anayekwaruza jina lake juu yake huondoa kwa dakika moja utando uliojengeka kwa karne nyingi. Tena, bamba likihamishwa, uhusiano wake na michoro ya jirani hupotea. Bamba moja la Twyfelfontein lilipelekwa katika makumbusho ya Windhoek; mengine yameachwa mahali pake, na ndivyo inavyofaa.

Maswali ya Kujadili

1. Michoro ya Kondoa, Tanzania, imepakwa rangi, haikuchongwa. Je, tofauti hiyo yaweza kubadili namna ya kutafuta umri wake? Eleza.
2. Chagua mchoro wowote wa kale. Andika katika safu moja yale unayoyaona, na katika safu ya pili yale unayoyakisia. Ni safu ipi iliyokuwa rahisi kuijaza?
3. Kwa nini ni bora jengo la makumbusho lililo karibu na michoro liweze kuondolewa?