Msimu wa Raga Shuleni: Anza na Kijana wa Nambari 23

Mvulana aliyeingia sekondari pevu Januari 2026 akiwa Gredi ya 10 ana miaka mitatu tu ya kuvaa jezi ya shule yake. Waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 walikuwa na minne. Kwa mwalimu wa raga nchini Kenya, mwaka huo mmoja uliopungua ni mkubwa. Zamani kidato cha kwanza kilikuwa mwaka wa kubeba maji, kutazama wakubwa na kujifunza kuanguka, wala hakuna aliyekuwa na haraka. Leo ukimwacha mgeni atazame mwaka mzima, atakapoiva atakuwa anafunga sanduku kurudi kwao.

Kwa hiyo mwongozo huu, unaowafaa wasichana sawasawa na wavulana, unamhusu mwalimu aliyekabidhiwa timu, filimbi na mipira minne. Nia yake ni moja: upange msimu ukimfikiria kijana wa nambari 23, wa mwisho kwenye benchi, kabla ya nyota wako.

Hatua ya 1: Anza Novemba

Kalenda ya michezo ya shule zetu imezoea kuweka raga ya wachezaji 15 muhula wa kwanza na ile ya wachezaji 7 muhula wa pili. Shule zikifunguliwa Januari, mechi za kaunti ndogo ziko mlangoni, kisha kaunti, kanda na taifa hufuatana mbiombio. Timu inayopiga mazoezi ya kwanza Januari imeshachelewa.

Kwanza, tembea uwanja mzima na gunia mkononi, uokote mawe, vigae vya chupa na vigingi vya mbuzi. Milingoti ya mkaratusi inatosha: mita 5.6 kati ya nguzo na nguzo, mtambaapanya mita 3 kutoka ardhini. Zifunge nguzo kwa godoro kuukuu kupita urefu wa kichwa. Magunia ya kuangushia yajaze matambara, si mchanga. Mchanga hugeuka jiwe ukinyeshewa.

Kisha waandikie wazazi. Uliza kuhusu pumu, kifafa, upasuaji, mifupa iliyowahi kuvunjika. Eleza kwamba kinga ya meno ni ya lazima. Mama mmoja alinipigia simu akaniuliza, "Mwalimu, huu si ule mchezo wa kuvunjana shingo?" Nilimwomba aje Jumatano aone mwenyewe. Alikaa kwenye nyasi mpaka jua likaanza kuzama, akaona tulivyotumia saa nzima kufundishana kuangushana tukiwa tumepiga magoti. Aliondoka akiwa amesaini fomu. Tangu siku hiyo huwaalika wazazi wote wa wachezaji wapya.

Hatua ya 2: Fundisha kuanguka na kuangusha kabla ya kingine chochote

Hapa usiharakishe. Majeraha mengi ya raga hutokea wakati wa kuangushana, na mtoto aliyeumia wiki ya kwanza kwa kukosa mbinu hutamuona tena uwanjani. Wapange wawili wawili kwa uzito na kimo, usiwapange kwa darasa.

Wote wapige magoti. Mbebaji wa mpira ageuke upande. Anayeangusha aweke kidevu juu, macho wazi, mgongo umenyooka. Bega lake liguse paja la mwenzake, shavu libanane na makalio, mikono ifunge miguu kama mtu anayekaza kamba kwenye mzigo wa kuni, wala asiilegeze mpaka wote wawili wamelala chini. Kichwa kikae nyuma ya mbebaji daima. Kikiwa mbele, goti au nyonga litakigonga. Rudieni mara kumi kwa bega la kulia na mara kumi kwa la kushoto, kwa maana kila mtoto ana bega analolipenda na lingine analolikwepa, na wapinzani hawatamuuliza apendalo.

Wakishaimudu, wachuchumae. Kisha wasimame, kisha watembee. Mbio zije wiki ya tatu.

Kuna kosa moja utaliona kila mwaka: mtoto hufumba macho dakika ya mwisho. Utamjua kwa shingo. Inainama ghafla na utosi unatangulia. Usimfokee, maana ni woga wa kawaida. Chukua vitambaa viwili, chekundu na cha njano. Mbebaji akupe mgongo, umchomekee kimoja kiunoni upande ambao mwenzake hakioni, kisha ageuke dakika hiyohiyo ya kukutana. Anayeangusha lazima ataje rangi kwa sauti kabla ya kugusana. Anayetafuta rangi hawezi kufumba macho. Nimeona kijana mwembamba wa Gredi ya 10 akipiga kelele "Njano!" na kumlaza mwenzake taratibu kama anayemlaza mtoto mkekani, akainuka akitabasamu mpaka masikioni. Kazi yako kubwa ya msimu iko pale.

Na anayeangushwa naye afundishwe: kidevu kifuani, mpira uukumbatie, tua kwa paja kisha bega, usinyooshe mkono kujizuia. Mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika.

Hatua ya 3: Mstari wa mbele uwe na watu sita

Skramu, pale timu mbili zinapofungana mabega na kusukumana, haitaki mbabe, inataka aliyefundishwa. Nambari 1, 2 na 3 ndizo nafasi ambazo mtu asiyezijua hapaswi kabisa kusukumizwa ndani yake. Wakiumia na huna waliofunzwa wa kuwabadili, refa ataamuru skramu zisizosukumwa, na timu yako itapoteza silaha. Kwa hiyo funza angalau sita. Zoeza miito mitatu inayotumika tangu 2013, kuchuchumaa, kushikana, kuingia, bila kusukuma hata kidogo mpaka migongo yote iwe sawa na meza. Kwa wachezaji wa chini ya miaka 19, sheria hairuhusu skramu kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Waambie hivyo, na wewe uishike mazoezini.

Hatua ya 4: Wiki ya mazoezi

Siku tatu zinatosha, saa moja na nusu kila siku. Watoto hawa wanaamka saa kumi na moja kwa somo la alfajiri.

Kila siku ianze na dakika 20 za programu ya Activate ya World Rugby, shirikisho la raga duniani: kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua, kuimarisha shingo na nyonga. Ilifanyiwa utafiti na Chuo Kikuu cha Bath kwa wavulana wa shule za Uingereza, na timu zilizoifanya mara tatu au zaidi kwa wiki zilipungukiwa sana na majeraha, ukiwemo mtikisiko wa ubongo. Haihitaji kifaa. Wanaokosa uvumilivu ni makocha zaidi ya wachezaji.

Ongea na mpishi mapema. Mchezaji aliyekula githeri saa saba hawezi kupiga mazoezi saa kumi na moja akiwa na tumbo tupu. Uji na ndizi saa kumi humsaidia.

Hatua ya 5: Daftari

Nunua daftari la kurasa 200. Kila mchezaji apewe ukurasa, wa benchi kwanza. Baada ya kila mechi andika dakika alizocheza, watu aliowaangusha, waliomponyoka, na jambo moja la kufanyia kazi. Moja tu. Ukimpa matano hatafanya hata moja.

Dakika ndizo zitakazokusuta. Mwaka mmoja nilijumlisha katikati ya msimu nikakuta vijana watano hawajacheza hata dakika kumi kwa jumla, nami nilikuwa nikijisifu kwamba nakuza vipaji. Tuliomba mechi za timu ya pili na shule jirani kila Jumamosi isiyo na mashindano, nusu mbili za dakika 20. Wawili kati ya wale watano walianza mechi za kaunti mwaka uliofuata.

Kijana akija kukuuliza, "Mwalimu, mbona niko benchi?" mfungulie ukurasa wake. Mwoneshe kilichoandikwa. Atakubali ukweli ulioandikwa haraka kuliko maneno ya kumbembeleza.

Hatua ya 6: Siku ya mechi, na kichwa kilichogongwa

Mechi ya chini ya miaka 19 ina nusu mbili za dakika 35. Ya mbinu utajifunza mwenyewe. Mimi nataka kusema juu ya kichwa.

Mchezaji akigongwa kichwa, halafu akachelewa kuinuka, akayumba, akashika kichwa, akasahau matokeo au akamwendea mpinzani akidhani ni mwenzake, mtoe. Papo hapo. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauji na kuzirai, kwa hiyo usisubiri azirai. Kwenye raga ya watoto hakuna kumpima kisha kumrudisha. Akitoka kwa shaka hiyo, mechi imekwisha kwake. Asiachwe peke yake, asilale bwenini bila mtu wa kumwangalia. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma au maneno yakivurugika, ni hospitali usiku huohuo. Akilalamikia shingo, asiguswe wala asiinuliwe mpaka aje mwenye ujuzi.

Kurudi kwake ni hatua kwa hatua, si chini ya wiki tatu, masomo kwanza kabla ya uwanja, na kwa kibali cha daktari. Atakulilia. Nahodha atakuja kukusihi, na pengine mkuu wa shule pia, maana ni fainali. Kataa. Ukiwa umemwandaa nambari 23 tangu Novemba, kukataa hakutakuwa kugumu, kwa sababu yupo mtu wa kuingia na anajua kuangusha.

Hatua ya 7: Muhula wa pili, watu saba

Uwanja ni uleule, watu ni nusu, nusu za mchezo ni dakika 7 kila moja. Wembamba waliokuwa wakipotea katikati ya miili mikubwa sasa wanapata hewa. Huu ndio muhula wa wageni wako. Wafundishe kupasi kwa mikono yote miwili, na kupiga mpira ukidunda, kwa kuwa mikwaju ya nyongeza baada ya trai hupigwa hivyo. Waoneshe fainali ya Singapore ya Aprili 2016, Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji 7, walipowafunga Fiji 30-7, ila wasitazame trai peke yake. Simamisha video kila Mfiji anapoangushwa, uwaulize: kichwa kiko wapi?

Mashindano yakiisha, kusanya jezi, zifuliwe, zihesabiwe. Kaa na kila mmoja dakika tano juu ya ukurasa wake. Wanaomaliza shule uwaelekeze kwenye klabu iliyo karibu na kwao, au kwenye mafunzo ya urefa kama miguu imechoka lakini jicho liko makini. Wanaobaki wape mipira waende nayo likizo, na wa kwanza kuchagua awe yule aliyecheza dakika chache kuliko wote.

Halafu geuza ukurasa mpya, andika Novemba, na uanze tena na majina ya wa benchi.