Dondoo muhimu: Kukitafuta kiima katika sentensi ya Kiingereza

Anza na kitenzi, kisha kiulize: nani, au nini? Katika "The old fisherman mended his net", kitenzi ni "mended". Nani alishona? "The old fisherman". Hicho ndicho kiima, pamoja na sifa yake. Kinachobaki chote ni kiarifu.

Wengi huteleza hapa: "The basket of mangoes is heavy." Funika "of mangoes" kwa kidole, usome upya. Kilicho kizito ni kikapu, ndiyo maana tunaandika "is", si "are", ingawa maembe ni mengi na ndiyo yaliyo jirani na kitenzi.

Swali ligeuze kwanza liwe maelezo: "Has your mother eaten?" iwe "Your mother has eaten". Katika "There are two goats outside", kiima ni "two goats". Katika amri "Sit down", kiima "you" kimejificha, kama katika "Keti" yetu.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Katika "Kaka yangu anaumwa", ile "a-" humtaja kaka mara ya pili ndani ya kitenzi, nasi tukahamisha mazoea hayo: "My brother he is sick." Futa "he". Upande wa pili, "Wamefika" inajitosheleza, lakini "Have arrived" bado haina mwenyewe. Andika "They have arrived".