Uchovu wa Metali: Kwa Nini Bamba la Mfupa Huvunjika

Wagonjwa wengi waliowekewa bamba la chuma kwenye mfupa wa paja huamini kwamba chuma hicho kitawabeba maisha yao yote. Sivyo. Kazi ya bamba ni kuushikilia mfupa mpaka uunge. Mfupa ukichelewa kuunga, bamba huendelea kubeba mzigo mkubwa, na huweza kuvunjika pasipo ajali yoyote. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali.

Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku huubebesha kila mguu mzigo mara 2,500, yaani zaidi ya mara 900,000 kwa mwaka. Mzigo wa hatua moja hauwezi kuvunja bamba. Kurudiarudia kwake ndiko kunakoanzisha ufa.

Chuma kisichoshika kutu aina ya 316L, kinachotumika sana kutengeneza mabamba haya, kikitazamwa kwa darubini huonekana kuwa ni chembe nyingi zilizoshikamana, kila moja ikiwa na mpangilio wake wa atomu. Mara nyingi ufa huanzia usoni mwa chuma: penye mkwaruzo, ukingoni mwa tundu la skrubu, au katika chembe ambayo tabaka zake za atomu zimeteleza mara nyingi. Ukiwa bado mfupi, ufa hufuata tabaka hizo. Ufikapo mpakani hukutana na chembe jirani yenye mwelekeo tofauti. Hapo hupunguza mwendo, na pengine husimama kabisa. Ndiyo maana chuma chenye chembe ndogo, ambacho mipaka yake ni mingi, huuchelewesha ufa mchanga. Lakini ukishavuka chembe kadhaa, mipaka haiuzuii tena. Huendelea kurefuka hadi bamba likatike.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauzibiki, wala hauonekani kwenye eksirei ungali mfupi. Kinga yake ni kuuwahi.

Mhudumu wa afya asilikunje bamba na kulikunjua mahali pamoja, asilikwaruze, wala asimwekee mgonjwa bamba lililotolewa kwa mwingine, hata kama linang'aa.

Mgonjwa naye atumie magongo kwa muda alioelekezwa, aache tumbaku, kwani huchelewesha mfupa kuunga, na ahudhurie kliniki hata asipohisi maumivu. Akipata maumivu mapya, au mguu ukianza kupinda, aache kuukanyagia na afike hospitali mara moja.