Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu: Kompyuta Mpakato Inapokataa Kushika Mtandao wa Nyumbani

Utangulizi

Mwalimu wa TEHAMA katika shule ya msingi aghalabu hufundisha matumizi ya kompyuta ikiwa nzima. Ni mara chache afundishapo la kufanya inapogoma. Hivyo mwanafunzi anapokuta kompyuta haishiki mtandao, hubonyeza kila kitufe akiitumainia bahati. Ikitokea ikashika, hajui kilichoiponya, na kesho yake atabahatisha tena.

Kutafuta hitilafu si kipaji cha mafundi peke yao. Ni mpango wa fikra unaoweza kufundishwa kama unavyofundishwa mgawanyo katika hesabu. Makala haya yanatumia mfano mmoja, yaani kompyuta mpakato isiyoshika mtandao wa nyumbani usiotumia waya na unaolindwa kwa neno la siri, ili kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuliongoza darasa kutoka katika kubahatisha hadi katika kuuliza.

Njia ipitwayo na habari

Kabla ya kutafuta palipokatika, sharti njia nzima ijulikane. Habari hutoka katika kompyuta, hupita hewani kwa mawimbi hadi kwenye kifaa kiitwacho ruta, hutoka katika ruta kwenda kwa kampuni inayouza huduma ya intaneti, na kutoka hapo huifikia tovuti inayotafutwa.

Kompyuta iingiapo katika mtandao wa nyumbani hufanana na mgeni. Kwanza huiona nyumba. Pili hubisha hodi na kujitambulisha. Tatu hupewa mahali pa kukaa. Nne huruhusiwa kupita hadi upande wa pili. Hatua hizi hufuatana, na hakuna inayoweza kurukwa. Kwa hiyo zipo sehemu nne tu za kuchunguza, na kila moja ina swali lake.

Maswali manne

1. Je, jina la mtandao linaonekana? Ikiwa halimo katika orodha iliyo kwenye kioo cha kompyuta, kosa haliwezi kuwa katika neno la siri, kwa sababu hodi bado haijabishwa. Tazama kama ruta inawaka na kama kompyuta haikuwekwa katika hali ya ndegeni, ambayo huzima mawimbi yote. Kisha tumia simu kama shahidi. Simu ikiliona jina hilo mahali pale pale, ruta inafanya kazi na uchunguzi urudi kwenye kompyuta. Yafaa pia ikumbukwe kwamba ruta nyingi hutumia mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Kompyuta nyingi za zamani huyajua hayo peke yake, na kwao mtandao wa gigahezi 5 ni kama haupo.

2. Je, neno la siri linakubaliwa? Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Herufi kubwa na herufi ndogo huhesabiwa kuwa tofauti. Sifuri hufanana na herufi O. Moja hufanana na herufi ndogo l. Mwanafunzi na aliandike neno hilo likionekana, wala si kwa vidoto. Ikiwa mwenye nyumba amelibadili neno, kompyuta huendelea kulitoa lile la zamani ililolihifadhi. Dawa yake ni kuiamuru iusahau mtandao huo, kisha kuunganisha upya. Sababu nyingine ni aina ya ulinzi. Ulinzi uitwao WPA2 ulianza mwaka 2004 na WPA3 ukatangazwa mwaka 2018. Ruta iliyopangwa kupokea WPA3 peke yake huweza kuikataa kompyuta ya zamani hata kama neno la siri ni sahihi. Katika hali hiyo ruta nyingi huweza kupangwa zipokee aina zote mbili.

3. Je, kompyuta imepewa anwani? Baada ya kuikubali kompyuta, ruta huipa anwani ya tarakimu, ambayo katika nyumba nyingi huanza kwa 192.168. Anwani ikionekana kuanza kwa 169.254, maana yake kompyuta haikupewa kitu, ikajitungia yenyewe. Ikate, iunganishe tena. Ikishindikana, zima ruta na kuiwasha upya.

4. Je, ruta yenyewe inafika nje? Kioo kikisema kwamba kompyuta imeunganishwa lakini hakuna intaneti, wanafunzi wengi hurudi kuandika neno la siri. Huko ni kutafuta sindano chumbani ilhali imeanguka uani, kwa maana mlango umekwisha kufunguliwa. Andika anwani ya ruta katika kivinjari. Ukurasa wa ruta ukifunguka, njia ya ndani ya nyumba ni nzima. Kisha mwulize tena shahidi wetu, simu, lakini kwanza zima data ya laini yake. La sivyo itapata intaneti kwa njia nyingine na kutoa ushahidi wa uongo. Simu nayo ikikosa, huenda bando limekwisha au huduma ya kampuni imekatika. Simu ikipata na kompyuta ikakosa, tazama tarehe ya kompyuta. Betri ndogo inayotunza saa ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vina siku ya kuanza na siku ya kwisha.

Mfano wa somo

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze kutaja sehemu nne za njia, na kueleza sababu ya kila swali analouliza.

Zana: ubao, vipande vya karatasi na wanafunzi wenyewe. Kompyuta ikiwapo ni vizuri. Isipokuwapo, somo halivunjiki.

Hatua ya kwanza: Chora njia nzima ubaoni kwa kuwauliza wanafunzi, wala si kwa kuwaambia.

Hatua ya pili: Wasimamishe wanafunzi wanne mbele ya darasa. Mmoja awe Kompyuta, wa pili Ruta, wa tatu Kampuni, wa nne Tovuti. Kompyuta ampe Ruta karatasi yenye neno la siri, naye Ruta alilinganishe na lake kabla ya kuipitisha salamu. Waache wafanye mara moja bila hitilafu.

Hatua ya tatu: Mpe mmoja wao hitilafu kwa siri. Mathalani, Ruta awe na neno Embe-Dodo7, naye Kompyuta apewe embe-Dodo7. Au mwambie Kampuni anyamaze kabisa. Darasa litafute palipoharibika kwa maswali yanayojibiwa ndiyo au hapana. Kila muulizaji aanze kwa kusema, “Ninauliza hili ili nijue kama...” Asiyeweza kuimaliza sentensi hiyo anabahatisha, na aketi afikiri kwanza. Maswali yahesabiwe. Kundi litakaloipata hitilafu kwa maswali machache zaidi ndilo lililoshinda.

Hatua ya nne: Wanafunzi waandike katika madaftari dalili, swali, jibu na uamuzi, kila kimoja katika safu yake.

Umuhimu wa mchezo huu ni kwamba unamwonyesha mtoto thamani ya jibu la “hapana”. Amezoea kuliona kuwa ni kushindwa. Hapa anagundua kwamba kila “hapana” imeiondoa sehemu moja ya njia, na kwamba amekaribia ukweli kuliko alivyokuwa.

Mambo ya kuepukwa

Kwanza, usiruhusu mambo mawili yabadilishwe kwa wakati mmoja. Mtandao ukirudi, haitajulikana ni lipi lililouponya.

Pili, waonye wanafunzi juu ya kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta nyingi, ambacho hubonyezwa kwa pini. Kuzima ruta na kuiwasha ni jambo jepesi. Kubonyeza kitundu hicho mpaka ruta ianze upya ni kufuta mipangilio yote, pamoja na neno la siri na maelekezo ya kampuni. Ni mwenye nyumba peke yake awezaye kuamua hivyo.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, usifundishe kamwe kuondoa ulinzi ili mtandao ushike. Kufanya hivyo ni kung’oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea. Kadhalika usirudie ulinzi wa kale uitwao WEP. Udhaifu wake ulidhihirishwa na wataalamu tangu mwaka 2001. Wala wanafunzi wasitakiwe kutaja maneno ya siri ya nyumbani kwao. Katika mazoezi yatumike ya kubuni.

Hitimisho

Ruta na kompyuta zitabadilika, na majina ya ulinzi yaliyotajwa hapa yatapitwa na wakati. Lakini mtoto aliyezoea kuichora njia, kuigawa, kuuliza swali moja na kuliandika jibu lake, ataitumia desturi hiyo kwa bomba lisilotoa maji, taa isiyowaka, na hesabu isiyotoa jibu sahihi. Mwalimu anayebahatisha mbele ya darasa hufundisha kubahatisha. Basi naye hana budi kuuliza kwa sauti, ili watoto wamsikie anavyofikiri.

Mazoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Kompyuta inaliona jina la mtandao, lakini simu hailioni. Eleza mambo mawili yanayoweza kusababisha hali hiyo, na swali utakalouliza kwanza.

2. Tunga hitilafu tatu nyingine za kutumia katika hatua ya tatu ya somo, kila moja katika sehemu tofauti ya njia.

3. Andaa somo la kipindi kimoja linalotumia mpango huu kwa kifaa kisicho kompyuta.