Fungate ya Miezi Mitatu, Pesa Zote Kwenye Laini Moja

Ujumbe uliingia kwa WhatsApp Jumamosi mchana nikiwa naosha vyombo. Ulisema: "Sis niko na shida Kampala, nitumie 15,000 kwa hii namba ya rafiki yangu, jioni nakurudishia." Chini yake kulikuwa na namba inayoanza na +256. Aliyetuma alikuwa kaka yangu, au tuseme namba yake, na picha ilikuwa yeye na wifi siku ya harusi. Na kweli walikuwa Uganda, hiyo nilijua.

Kitu kimoja tu kilinizuia. Kaka yangu hajawahi kuniita "sis". Ana jina la utani aliloniitia tangu nikiwa chekechea, siliandiki hapa, na akitaka kukopa pesa huanza kwa kuuliza kama nimekula. Nikampigia wifi.

Alishika simu akihema. Dakika arobaini hivi zilizopita walikuwa kwenye teksi, ambayo kwa Waganda ndiyo matatu, wamekwama kwenye jam ya Kampala. Kaka amekaa dirishani, anaangalia ramani kwa simu. Mkono ukapita, simu ikaenda. Ikiwa wazi.

Nilikimbia kuandika kwenye grupu ya familia na ile ya kamati ya harusi, ambayo bado ipo kwa sababu hakuna mtu huzifunga grupu za harusi: "Namba ya bwana harusi imeibwa, msitume chochote." Nilichelewa kidogo. Shangazi yetu wa Bungoma alikuwa ameshatuma 5,000. Hakuuliza swali lolote, akisema mtoto akiwa ugenini humwulizi maswali. Pesa hiyo ilitolewa palepale, na hadi leo haijarudi.

Kila wiki tunaandika hapa kuhusu PIN na matapeli, na mimi nilidhani watu wa kwetu husoma. Kumbe wapi. Kwa hivyo nimewaomba kaka na wifi ruhusa nieleze safari yao yote, hasa kama na wewe unapanga safari ndefu na mwenzako.

Mpango ulikuwa mzuri, ila

Badala ya wiki moja Diani, waliamua kuchukua miezi mitatu na mabegi ya mgongoni: wapite Busia hadi Jinja na Kampala, washuke Kabale, waingie Rwanda, watokee Tanzania kupitia Rusumo, halafu warudi nyumbani kwa njia ya Namanga. Njiani wajitolee. Wifi ni mwalimu wa shule ya msingi na kandarasi yake ilikuwa imeisha. Kaka ni fundi wa stima. Vitanda na sofa wakapeleka kwa Mama, nyumba wakairudisha kwa landlodi.

Pesa ilikuwa shilingi 186,000, akiba yao pamoja na michango iliyobaki baada ya harusi. Yote ilikuwa kwenye laini ya kaka, kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa kwenye kadi za michango. Hakuna aliyekaa chini akaamua hivyo. Harusi iliisha, pesa ikabaki pale ilipoingilia. Wifi alikuwa na laini mpya ya Uganda aliyosajili kwa pasipoti yake, na laini yake ya Kenya alikuwa ameitoa kwenye simu akaitia kwenye pochi. Ilikuwa na salio la shilingi 340.

Sasa simu imeibwa. Kaka alipiga huduma kwa wateja kwa simu ya wifi, na hapo wakapoteza dakika kumi, kwa maana zile namba fupi tulizozoea hazishiki ukipiga kwa laini ya nchi nyingine. Lazima uwe na ile ndefu ya +254. Mimi ndiye niliyewatumia. Akajibu maswali ya kumtambulisha, laini ikafungwa. Alikuwa na bahati, maana PIN yake ilikuwa mwaka aliozaliwa, na kwenye simu hiyohiyo kulikuwa na picha ya kitambulisho chake. Mwizi angepewa saa mbili za utulivu angefika.

Lakini laini ikifungwa, imefungwa kwa kila mtu. Kuirudisha kulihitaji mwenyewe afike Kenya na kitambulisho halisi. Nafanya kazi kwenye kampuni ya malipo ya simu na bado sikuweza kumsaidia kwa hilo, na kusema ukweli nisingetaka liwezekane. Siku dada mtu ataweza kufungua laini ya kaka yake kwa kueleza hadithi ya huzuni, matapeli wote watakuwa na dada.

Nilikuwa na 6,000 ya kumaliza mwezi. Niliituma kwenye laini ya Uganda ya wifi, nikasoma jina lililotokea kabla ya kuweka PIN, nikabaki nakula sukuma. Jumatatu kaka alipanda basi la usiku peke yake kuja Nairobi, zaidi ya saa 12 barabarani, akabadilisha laini asubuhi, akarudi jioni. Wifi alibaki kwenye shule nje ya Jinja walikojitolea. Alikuwa ameahidi watoto wa darasa la nne kwamba atawafundisha hadi shule zifungwe.

"Tumeoana, mbona sikuwa na PIN?"

Hilo ndilo swali wifi alimwuliza aliporudi, na najua wengi mtamuunga mkono. Walilala bila kuongea siku mbili. Nilipigiwa na pande zote mbili, nikiombwa kama mtaalamu niseme nani ana makosa.

Jibu langu lilimkasirisha kila mmoja. Hata kama wifi angekuwa na PIN, isingemsaidia kitu. PIN hufanya kazi na laini, na laini ilikuwa imeenda na simu. Kilichokosekana ni pesa kwenye laini yake mwenyewe, chini ya jina lake, kwa PIN yake. Kumpa mwenzako PIN huonekana kama mapenzi, lakini ukiangalia vizuri bado pesa ni ya mmoja na mwingine ameazimwa ufunguo. Na siku kitu kikipotea, ukisema mtu mwingine alijua PIN yako, malalamiko yako yanakuwa mepesi sana.

Walichofanya baadaye ni hiki. Sehemu ya tatu ya pesa ilienda kwenye laini ya Kenya ya wifi, ambayo ilirudi ndani ya simu na kubaki imewashwa, kwa sababu SMS za benki za kuthibitisha huja huko. Sehemu nyingine kwa kaka. Iliyobaki waliiweka akaunti ya benki ya pamoja, ya kuguswa tu wakihamia nchi nyingine. PIN ya kaka ilibadilishwa na mimi sijaambiwa, ndivyo inavyotakiwa. Picha za kitambulisho na pasipoti zilitolewa kwenye simu, zikaandikiwa Mama nakala za karatasi. Na tukakubaliana swali moja la familia: yeyote akiomba pesa kwa ujumbe, anaulizwa jina la ng'ombe fulani wa babu. Shangazi ndiye anayelisimamia sasa, na ni mkali kuliko benki.

Kuna jambo jingine watu husahau. Kaka alikuwa na mkopo wa simu uliotakiwa kulipwa tarehe 30, na laini ikiwa imefungwa asingeweza. Niliulipa mimi kwa paybill, nikiweka namba ya akaunti yake ya mkopo. Ukisafiri, mwachie mtu unayemwamini karatasi yenye namba za paybill na akaunti zako: mkopo, chama, bima. Kulipia mtu deni hakuhitaji PIN yake.

Ada ya kujitolea

Kabla hata ya kuondoka, mtu mmoja aliwaahidi nafasi ya kujitolea kwenye mradi wa watoto. Alikuwa na picha nzuri sana. Alitaka dola 150 za "usajili", zitumwe siku hiyohiyo kwa namba yake binafsi. Wifi aliomba kuongea na mtu aliyewahi kujitolea hapo. Akaambiwa nafasi zinaisha. Aliomba namba ya malipo yenye jina la shirika. Kimya.

Kuna mashirika halali yanayotoza pesa ya chakula na malazi, kwa hivyo ada peke yake si dalili ya utapeli. Mimi ningeangalia jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Kama ni shirika, kwa nini jina ni la mtu? Pia waulize uhamiaji kama kujitolea kunahitaji kibali kule unakokwenda, kwa sababu hiyo si sawa na kutembea. Shule ya Jinja waliipata kupitia kwa mwalimu aliyesoma na wifi, na hawakulipa ada. Walinunua unga wao.

Sufuri nyingi

Shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 28 za Uganda, karibu 20 za Tanzania, na karibu faranga 11 za Rwanda. Viwango hubadilika, angalia siku yako. Siku ya kwanza wifi aliambiwa chapati na chai ni 4,000 akataka kuondoka. Hiyo ni kama 143 za kwetu.

Pesa ikivuka mpaka hukatwa mara kadhaa na si zote unaziona. Kuna ada ya kutuma. Kuna kiwango cha kubadilisha, ambacho huwa chini kidogo ya kile unachosoma kwenye habari. Kuna ada ya kutoa kwa wakala. Na Uganda kuna kodi ya asilimia 0.5 kwenye pesa unayotoa, tangu 2018. Ukitoa 280,000 za Uganda, yaani kama 10,000 zetu, kodi pekee ni 1,400, shilingi 50 hivi. Ni kidogo, lakini wao walikuwa wakitoa kila siku mbili. Baada ya kupiga hesabu walianza kutuma mara moja kwa wiki na kulipa kwa simu pale inapokubalika, bila kutoa. Mpakani Busia walibadilisha noti kidogo tu, za nauli. Ukilazimika kubadilishia pale, piga hesabu kwa simu yako, si kwa kikokotoo cha mwenye pesa, na uhesabu noti za mwisho wewe mwenyewe.

Kigali na kuendelea

Rwanda waliingia kwa vitambulisho vyao vya Kenya, kama walivyoingia Uganda. Pasipoti waliiweka kwa ajili ya Tanzania. Kigali kaka alifurahi kwamba anaweza kulipa pikipiki kwa MoMo, hata safari fupi. Kisha ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo nchi nzima hufanya kazi za jamii asubuhi. Maduka yamefungwa, barabara ziko kimya, mawakala hawapo. Walikuwa hawana noti hata moja na hawakuwa wamenunua chakula. Waliungana na majirani wa pale walikolala, wakachimba mtaro hadi saa tano za huko, ambazo kwetu ni saa sita kwa kuwa Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Wifi anasema ndiyo siku aliyojitolea vizuri zaidi kwenye safari nzima, na hakuna aliyemwomba ada.

Tanzania ilikuwa rahisi kwa lugha na ngumu kwa mazoea. Kaka aliuliza mama wa mgahawa Mwanza, "Till namba yako?" Mama akamwangalia. Huko ni "Lipa Namba". Ni kitu kilekile, bango dukani na jina la biashara linalotokea kabla hujathibitisha. Wiki tatu za mwisho wifi ndiye aliyeshika hesabu, kwa daftari la shule lenye picha ya twiga, na kila Jumapili jioni wote wawili walisoma salio zao kwa sauti.

Walivuka Namanga wakiwa na 4,200 kwa kaka na 9,000 na kitu kwa wifi. Shangazi alirudishiwa zake kwanza. Mimi nilipata SMS nikiwa kazini: 6,000 kutoka kwa wifi, na alikuwa ameongeza ya kutoa.