Kijana wa Lindi na Plazima: Ya Kufanya na Kutofanya

Haya ni kwa kijana wa Lindi, hapa Kibera, anayetaka kuitafiti na kuifundisha plazima, yaani gesi iliyopashwa joto au kupitishiwa umeme hadi elektroni zikabanduka kwenye atomu.

USIIACHE fizikia kwa sababu wenzako wameikimbia. Wala usiitenganishe na hesabu.

AMUA mapema kuhusu ualimu. Shahada ya sayansi pekee haikupi namba ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Itakubidi uongeze stashahada ya elimu. Na ukianza na shahada ya elimu, hakikisha kozi zako za fizikia zinatosha kukuingiza kwenye uzamili.

USIUONE ualimu kama kazi ya aliyeshindwa na utafiti. Mwaka wa 1985 na 1986, Sing Lee wa Chuo Kikuu cha Malaya, Kuala Lumpur, aliwafunza wanasayansi wa Asia na Afrika kuunda mashine ndogo ya plazima, wakaenda kuanzisha maabara makwao. Huo ni utafiti na ualimu kwa pamoja, na ndio ninaokutakia.

USINGOJE mashine kubwa. Jua likishatua, hasa miezi ya Machi na Septemba, mapovu ya plazima huinuka katika ayonosfia, tabaka la juu la angahewa, ya ukanda wetu wa ikweta na kuvuruga mawimbi ya GPS. Hili ni tatizo la kwetu, na ni aibu tukiwaachia wageni walichunguze peke yao. Takwimu nyingi za GPS hupatikana bure. Unachohitaji ni kompyuta, lugha ya programu ya Python na subira.

OMBA nafasi ICTP, Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mwaka wa 1964. Stashahada yake ya mwaka mmoja hulipiwa. Haihusu plazima moja kwa moja, lakini msingi wake ni imara.

USIISHIE kwenye uzamili ikiwa unalenga uhadhiri. Soma hadi uzamifu.

USIMTAZAME kwa macho matupu fundi anayechomelea vyuma kwa umeme. Ule mwali ni plazima, na mionzi yake huunguza macho.

KATU USIGUSE kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, eti stima imezimwa. Ile ya mashine ya Lee huchajiwa hadi volti 15,000, na chaji hubaki ndani. Itoe kwanza kwa fimbo iliyounganishwa na ardhi, tena usiwe peke yako maabarani.